Chakula cha Mbwa na Mkate wa Watoto

Leo twaomba ruhusa ya kuzungumza nanyi habari za mbwa. Twajua wako watakaoufungua ukurasa huu na kuufunga upesi, wakisema, "Mwalimu amezeeka kweli; ameacha kutuandikia malezi ya watoto, sasa anatuandikia mbwa." Twawasihi wavumilie kidogo. Swali lenyewe si dogo, tena hatukulitunga sisi. Tuliulizwa na jirani, tukiwa na mwiko mkononi, na mpaka leo hatujapata jibu la kuturidhisha kabisa.

Mbwa wetu jina lake Vumilia. Ni mbwa wa kawaida wa kwetu Ugogo, mwekundu, mwembamba wa kiuno, masikio wima. Tulimleta kutoka Mvumi angali mdogo, tulipostaafu na kuhamia nyumba yetu pembezoni mwa mji. Kule alikozaliwa mama yake alikuwa akifuatana na wachunga mbuzi, akila alichokipata njiani: panya, panzi, mifupa, maziwa yaliyomwagika, na jioni bonge la ugali wa uwele. Hakuna aliyempimia chakula, wala hakuna aliyeuliza tumbo lake laendeleaje.

Vumilia naye alilelewa kwa ugali. Lakini mwaka jana, miezi michache baada ya mavuno, tumbo lake liliharibika. Alitapika asubuhi, akaharisha, manyoya yakapoteza mng'aro, mbavu zikawa za kuhesabika. Tulimpa dawa ya minyoo, haikusaidia. Tulimfungisha siku nzima kwa maji tu. Akapata nafuu, akala, akaanza tena. Mwishowe tulimwita daktari wa mifugo. Alimpapasa tumbo, akauliza anakula nini, kisha akatuambia kwamba huenda mbwa huyu ni miongoni mwa wale wachache ambao matumbo yao hayapatani na chakula fulani. Akatuagiza tuache nafaka zote kwa majuma manane: si mahindi, si mtama, si uwele, si mchele, si ngano. Apikiwe nyama ya aina moja tu pamoja na viazi vitamu au boga, na asipewe kitu kingine chochote, hata kipande cha mkate kinachoanguka mkononi mwa mtoto.

Basi tukaanza kupika. Kwa ajili ya wale ambao wana mbwa wenye shida kama hiyo, tutaeleza tulivyofanya, kisha turudi kwenye swali letu.

Daktari alichagua nyama ya mbuzi kwa sababu Vumilia hakuwa ameizoea. Ni vema mtu ajue kwamba mbwa asiyepatana na chakula mara nyingi hukataa nyama ya ng'ombe, maziwa au kuku kabla ya kukataa nafaka. Kwa hiyo kuondoa ugali na kumwongezea ng'ombe huenda kusifae kitu. Tulikuwa tukienda sokoni Majengo asubuhi na kununua vile visivyogombewa: mapafu, mioyo, vipande vya shingo. Katika sufuria, nusu ilikuwa nyama na nusu viazi vitamu au boga, vikichemshwa kwa maji bila chumvi wala mafuta. Kitunguu hakiingii kabisa, wala kitunguu saumu, maana huharibu damu ya mbwa. Mapafu na maini sharti yaive sana. Mbwa akila mabichi yenye malengelenge ya tegu, hupata tegu tumboni, na mayai ya tegu huyo yakimfikia mtu huweza kumletea uvimbe wa maji katika ini au mapafu yake. Mifupa yote tulikuwa tukiiondoa baada ya kupika, kwa kuwa mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Lakini mbwa asiyekula mifupa hukosa chokaa. Kwa hiyo maganda ya mayai tuliyakausha, tukayasaga yawe laini kama poda, tukatia nusu kijiko cha chai katika chakula cha siku. Vumilia ana uzito wa kilo 15 hivi, na alikula zaidi kidogo ya nusu kilo kwa siku, kwa milo miwili. Tulikibadili chakula chake taratibu kwa muda wa juma zima, maana hata tumbo zima hushtuka likibadilishiwa chakula ghafula.

Na kwa kuwa tu watu wa Dodoma, tuongeze la zabibu. Wako wanaowatupia mbwa zabibu zilizopondeka, hasa huku Makutupora na Hombolo wakati wa mavuno. Zabibu, mbichi au kavu, zaweza kuziua figo za mbwa. Msiwape.

Chakula hiki kilikuwa cha majuma manane ya kujaribu, si cha maisha. Anayetaka kukifanya cha siku zote amwulize daktari kwanza, kwa maana yako madini na vitamini ambayo nyama na viazi peke yake haviwezi kuyatimiza.

Ilikuwa juma la pili la upishi huo alipoingia jirani yetu. Ni mama mjane, anaishi na wajukuu watatu, hufua nguo za watu, na huja kwetu kuchota maji bomba lake likikauka. Sufuria ilikuwa jikoni nje, inanukia. Akatuamkia, akauliza, "Mwalimu, leo mna wageni?" Tukamjibu, "Hapana, mama, ni chakula cha mbwa." Akatazama ndani ya sufuria, akatazama alipolala Vumilia. Akasema bila uchungu wo wote, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Mbwa huyu ana bahati. Wajukuu zangu hawajaonja nyama tangu Pasaka." Kisha akajaza ndoo zake, akaenda.

Hilo ndilo swali. Je, ni halali kumpikia mbwa nyama wakati mtoto wa jirani hajaionja tangu Pasaka?

Jibu la kwanza lililotujia ni kwamba fedha ni zetu, pensheni ya miaka mingi ya chaki na vumbi. Jibu hili tulilitupa siku ile ile. Yule tajiri katika Luka sura ya 16 naye angaliweza kulisema. Fedha zilikuwa zake, na mlango ulikuwa wake. Tena katika habari ile mbwa ndio waliomkaribia Lazaro na vidonda vyake, mwenye nyumba asimkaribie.

Tukafanya lile ambalo mtu hulifanya akiona haya. Kesho yake tulimpelekea mama yule kilo moja ya nyama. Alishukuru sana. Lakini twakiri kwamba kilo ile ilitoka katika haya, haikutoka katika upendo, maana juma lililofuata hatukupeleka, na sufuria ya Vumilia iliendelea kuchemka kila siku.

Ndugu mmoja, mshiriki mwenzetu, alitushauri tuachane na mbwa huyo. Kijijini, akasema, mbwa mgonjwa huachwa. Akipona amepona, akifa hutafutwa mwingine. Alisema kweli, ndivyo tulivyokua. Lakini tukaona kwamba mambo hayafanani. Mbwa wa boma la mbuzi hakufungwa. Nyika nzima ni ghala yake, na akikosa kwako atapata kwingine. Vumilia tulimtoa huko, tukamtia ndani ya ukuta. Mji wetu nao umejaa kuta, hasa tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, na Dodoma ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2018. Kila anayejenga hujenga ukuta kwanza, na nyuma ya ukuta hufuga mbwa, mchana akiwa bandani, usiku akilinda. Mbwa wa namna hiyo hawezi kwenda kutafuta panzi. Sahani yake ndiyo ulimwengu wake. Twaona kwamba anayemfungia kiumbe mlango amejitia deni: alichokuwa akijitafutia mwenyewe, sasa wewe ndiwe unayepaswa kumpa. Hata Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yamdai mwenye mnyama asimwache na njaa na kiu. Lakini hata kama sheria ingalinyamaza, kuta zetu zingalisema.

Kwa hiyo hilo la kumtupa tulilikataa. Lakini kumbukeni, hatujamjibu bado mama mjane. Kusema kwamba twamdaiwa mbwa si kusema kwamba hatumdaiwi mtoto.

Mzee mmoja wa kanisa, mtu wa Maandiko sana, akatuletea Kutoka 22, mstari wa 31. Hapo Waisraeli waliambiwa wasile nyama iliyoraruliwa na wanyama mwituni, bali wawatupie mbwa. "Unaona, Mwalimu," akasema, "mbwa fungu lake ni kile ambacho mtu hakili." Neno hili lilitukaa moyoni, kwa maana ndivyo nyumba nyingi zinavyofanya, na ndivyo yetu ilivyofanya miaka yote. Tulimjibu kwa Mithali 12, mstari wa 10, pale mwenye haki anapotambulikana kwa jinsi anavyomjali mnyama wake. Tukamkumbusha na mbwa wa Tobia, katika kitabu cha Tobiti, aliyefuata safari yote ya kijana na malaika, akaenda na kurudi nao, ingawa hakuna kazi yo yote aliyopewa kuifanya. Mzee alicheka, akasema Tobiti si msingi wa mafundisho. Ni kweli, kanisa letu husoma vitabu vile kwa mfano wa maisha tu. Jirani zetu Waislamu nao, ambao hawamweki mbwa ndani ya nyumba, wana hadithi mashuhuri ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe. Basi katika nyumba zote mbili limo fundisho kwamba Mungu hutazama pia yale tunayomtendea mbwa.

Tuseme kidogo habari ya hizo nafaka zenyewe, maana siku hizi Ulaya na Marekani yako maduka yanayouza chakula cha mbwa kisicho na nafaka kwa bei kubwa, na wako wanaosadiki kwamba nafaka ni sumu kwa kila mbwa. Si kweli. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, wakiwa na wenzao, walitangaza katika jarida la Nature kwamba mbwa hutofautiana na mbwa mwitu wa Ulaya katika jambo hili: mbwa anazo nakala nyingi za ile chembe ya urithi isaidiayo kuvunja wanga tumboni, ambapo mbwa mwitu anazo mbili tu. Maana yake, kwa kukaa nasi, kizazi baada ya kizazi, akiokota chini ya meza zetu, tumbo lake liligeuka likafanana na letu. Jambo hili lilitufurahisha kuliko mahubiri mengi tuliyoyasikia. Mbwa alijifunza kula ugali kwa sababu sisi tulikula ugali. Kisha mwaka 2018 idara ya Serikali ya Marekani isimamiayo vyakula na dawa ilianza kuchunguza kama vyakula visivyo na nafaka, hasa vile vyenye dengu na njegere nyingi, vinahusika na ugonjwa wa moyo wa mbwa. Kufika Desemba 2022 ilisema habari ilizokuwa nazo hazikutosha kuthibitisha kwamba vyakula hivyo ndivyo chanzo. Basi asiye na sababu ya kuondoa nafaka asiziondoe.

Na sisi je, tulikuwa na sababu? Hapo ndipo palipotugeuka.

Vumilia alipona. Juma la tatu kinyesi kilikuwa kigumu, la tano mbavu zikaanza kujificha, la nane akawa anaruka kama mtoto wa mbuzi. Daktari akatuambia turudishe sasa kitu kimoja kimoja, tuanze na mahindi, ili tumjue mkosaji. Maana kuondoa peke yake hakuthibitishi neno mpaka umerudisha. Siku ile unga wa mbwa ulikuwa haujasagwa. Tukamsongea ugali kwa unga wetu wa mezani. Akala, tukangoja. Hakutapika. Juma zima likapita, hakuna kitu. La pili, hakuna kitu. Tukafurahi, tukaona ugonjwa umekwisha, tukapeleka mashineni mahindi ya mbwa kama zamani. Siku ya tatu ya unga ule akatapika.

Wasomaji, mmeona tulivyosema: unga wetu, na unga wa mbwa. Katika ghala yetu palikuwa na magunia ya aina mbili. Shamba letu dogo tulilivuna mapema, kwa kuogopa wezi na ng'ombe wa watu, na sehemu ya mahindi tuliitia guniani haijakauka vizuri, tukaliacha gunia limelala juu ya sakafu. Tulipolifungua baadaye tuliona punje nyingine zimegeuka rangi, kijani na kijivu, na harufu ya uvundo. Hatukuyatupa. Sisi ni watoto wa nchi ya njaa. Bibi zetu walitusimulia Mtunya, njaa ile ya mwaka 1917 hadi 1920, watu walipokula ngozi na mizizi, na waliotusimulia hawakuweza kuona punje chini wasiiokote. Mtu aliyelelewa hivyo hatupi mahindi. Tulisema kama mnavyosema ninyi: yatamfaa mbwa.

Tulimwaga gunia lile juani, tukalitazama vizuri, na tukakumbuka mwaka 2016. Katikati ya mwaka ule, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua ghafula, macho manjano, matumbo yamevimba; waliougua walizidi 60, na 20 hivi wakafa, wengi wao watoto. Wataalamu waligundua kwamba ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu aotaye katika mahindi na karanga zilizokumbwa na ukame shambani au zilizohifadhiwa na unyevu. Sumu hiyo hushika ini. Haionekani kwa macho, na haiondoki kwa kupika. Ugali ukiiva, sumu imo. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi. Hatukuyapeleka mahindi yetu kupimwa, kwa hiyo hatusemi kwamba ndiyo iliyomwugua Vumilia. Twasema tu kwamba ugali wa mezani petu ulimpatana, na ugali wa gunia lile ulimkataa, mara mbili.

Kama mambo yangaliishia hapo tungalicheka wenyewe: majuma manane ya nyama ya mbuzi kumtibu mbwa ugonjwa tuliomlisha kwa mikono yetu. Lakini tulikumbuka jambo jingine, na usiku ule hatukulala vizuri. Mwezi wa saba, kabla ya kulitenga gunia lile kuwa la mbwa, tulikwisha kulipunguza. Tulikuwa tumechota madebe mawili kutoka juu, ambako mahindi hayakuwa yameharibika sana kwa kutazama, tukampa mama yule mjane. Tulimpa kama msaada. Tulijisikia vema kumpa.

Asubuhi tulikwenda kwake. Tukamwuliza habari ya mahindi ya mwezi wa saba. Akasema, "Niliyaona, Mwalimu. Niliyachambua. Mazuri nikasaga, mabaya nikawapa kuku." Tukamwuliza kwa nini hakutuambia. Akatutazama kidogo, akajibu, "Niwaambie nini, nanyi mlinipa bure?" Wajukuu walikuwa uani wanacheza, wazima. Tulishukuru Mungu. Lakini yasemwa kwamba sumu hiyo ikiwa kidogo kidogo haimwangushi mtu siku ile; hukaa, hudhoofisha ini, hudumaza mtoto. Kwa hiyo shukrani yetu haikukamilika, wala hatuoni kama itakamilika hivi karibuni. Tulimweleza yote tuliyoyajua, tukamwomba msamaha. Akasema, "Mwalimu, mbona mnajisumbua," akatukaribisha kiti.

Tangu siku ile tumekuwa tukisoma upya habari ya yule mama Mkanaani, katika Mathayo 15 na Marko 7. Tulikuwa tukiifundisha darasani miaka mingi, na siku zote tulikazia imani yake. Sasa twaona jambo tulilokuwa tukiliruka. Waliojifunza Kiyunani hutuambia kwamba neno lililotumika pale ni la mbwa wadogo, wale wa nyumbani, si mbwa koko wa barabarani. Na yule mama hakubisha utaratibu: watoto kwanza, mbwa baadaye, watoto mezani, mbwa chini. Alikubali yote. Lakini alijua kwamba makombo huanguka kutoka katika mkate ule ule wanaokula watoto. Hapana mkate wa pili, uliooka kuvu, uliotengwa kwa ajili ya walio chini. Kama ungalikuwako, ombi lake lingalikuwa la bure.

Nasi kila tunapokaribia Meza ya Bwana, katika sala ile ya unyenyekevu iliyomo katika Kitabu cha Sala, twajiweka wenyewe mahali pa hao walio chini ya meza, tena twakiri kwamba hata hapo hatupastahili. Tumeisema sala ile tangu tulipopata Kipaimara. Tumeisema huku nyumbani tuna magunia mawili.

Twarudi kwa mzee wetu na Kutoka 22. Hatuwezi kushindana na Musa. Lakini twamwomba mzee aangalie kwamba nyama iliyoraruliwa na simba haikuwa imeoza. Mtu alikatazwa kwa ajili ya utakatifu wake, si kwa sababu nyama ilikuwa na sumu. Kumpa mbwa kile usichokihitaji ni jambo moja. Kumpa kile ambacho wewe mwenyewe unakiogopa ni jambo jingine, na kinachotutisha ni jinsi njia hiyo ilivyo fupi. Sisi tulidhani tuna safu tatu: chetu, cha maskini, cha mbwa. Gunia lilikuwa moja. Aliyezoea kusema "kitamfaa mbwa" hakawii kusema "kitamfaa fulani", naye haoni kwamba amebadili neno.

Na swali la mama je, la nyama na Pasaka? Hilo bado halijajibiwa. Twaweza kusema kwamba kama tungalimlisha mbwa ugali mzuri tangu mwanzo, nyama ile isingalihitajika, na fedha zake zingaliweza kwenda penginepo. Hiyo ni kweli, lakini yawezekana pia zisingalikwenda po pote. Twajijua. Na wako mbwa ambao kweli hawapatani na nafaka, hata ziwe safi namna gani. Mwenye mbwa wa namna hiyo atapika nyama na viazi, na jirani yake atachungulia sufuria, naye atakuwa na swali lile lile bila gunia la kulisingizia. Twaomba anayeona mbele kuliko sisi atuandikie katika gazeti hili.

Siku hizi Vumilia anakula ugali wa sufuria yetu, tukishakula sisi. Hupakuliwa mwisho, tena mara nyingine ni ukoko tu na mchuzi wa dagaa usiotiwa kitunguu. Mahindi mengine tumeyaweka juu ya vichanja, na mwaka huu tuliyaanika juu ya turubai mpaka punje ikalia ikitiwa jinoni. Yaliyobaki katika gunia lile tuliyachimbia shimo nyuma ya banda, kina cha kiuno, ili kuku wa watu wasiyafikie. Mjukuu mkubwa wa mama yule alitusaidia kuchimba. Aliuliza mara mbili kama kweli twayafukia mahindi, nasi tukamweleza, na akayatazama yakiingia shimoni kama mtu anayetazama mazishi.